Asubuhi Mbili kwa Puto Moja

Ukiamua kupaa kwa puto alfajiri, kitu cha kwanza kukitafutia nafasi kwenye ratiba si kamera wala hoteli. Ni asubuhi ya pili. Mtu anadunduliza fedha mwaka mzima, halafu analiweka puto siku ya mwisho ya safari, na tiketi ya basi la kurudi ameshaikata ya siku hiyohiyo. Upepo ukiamka na nguvu, rubani anatazama juu, anatikisa kichwa, na safari imeishia hapo. Fedha huenda akarudishiwa, lakini puto hajalipanda. Chombo hiki hakina usukani wala breki, na mwenye neno la mwisho juu yake ni hewa ya siku hiyo. Kwa hiyo panga asubuhi mbili zinazofuatana, puto liwe la ile ya kwanza, na ya pili ikae akiba. Mengine yote yanafuata hapo.

Nawaandikia hasa wenzangu wa Iringa na Mbeya. Miongozo mingi ya safari za puto humdhania msomaji ametua Arusha kwa ndege akitokea Ulaya, na dereva anamsubiri nje na kibao chenye jina lake. Anayeanzia Tosamaganga ana hesabu nyingine kabisa: barabara ndefu, malango ya hifadhi yanayofunguliwa kwa saa maalumu, na mfuko unaohesabu shilingi.

Wengine watauliza kwa nini tuhangaike kwenda mbali wakati sisi wenyewe tuna vilima. Ukisimama Tosamaganga, penye misheni iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye kushikwa na mapadre wa Konsolata kutoka Italia, macho yanatambaa juu ya mabonde hadi upande wa Kalenga na Ruaha Ndogo, na mtu anaweza kuapa kwamba hapa ndipo pa kurushia puto. Kupaa lingepaa. Shida ni kutua. Puto hutua linakopelekwa na upepo, na huku kwetu linaweza kupelekwa kwenye mikaratusi, kwenye majabali, kwenye mahindi ya mtu au, baya kuliko yote, kwenye nyaya za umeme. Nyaya ndizo marubani wa maputo wanazoziogopa kuliko simba. Ndiyo maana biashara hii imekaa kwenye mbuga zenye nafasi, mahali ambapo gari la kulifuata puto linaweza kukatiza nyasi na kulifikia popote litakapoangukia.

Historia yenyewe inaanzia karibu na sisi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith aliondoka Zanzibar kwa puto la haidrojeni lililopewa jina Jambo, akavuka bahari hadi bara, na safari yake ikaja kupita juu ya bonde la Ngorongoro. Mmoja wa wenzake alikuwa Alan Root, mpiga picha za wanyama, ambaye baadaye aligeukia puto la hewa moto, akaruka nalo juu ya Kilimanjaro mwaka 1974, na miaka michache baadaye akaanza kupandisha watalii Masai Mara. Serengeti ilifuata mwaka 1989, ilipoanzishwa kampuni ya Serengeti Balloon Safaris, ambayo imepeleka maputo Tarangire na Ruaha pia.

Hapo mtu wa Iringa masikio yanasimama. Ruaha iko mlangoni kwetu: kilomita kama 130 kutoka mjini hadi Msembe, ndani ya hifadhi, unapita Kalenga, Idodi na Tungamalenga. Ukibahatika kupata puto huko, umejiokolea siku nne za barabarani. Lakini puto la kusini ni la msimu na wageni wake ni wachache kuliko wa kaskazini, kwa hiyo usichukulie kwamba lipo kwa sababu uliliona kwenye kipeperushi. Kabla hujaomba likizo, iandikie kampuni na uulize jambo moja tu kwa maneno yasiyo na kona: je, wiki hii ninayoitaja mtakuwa mnarusha Ruaha, na mnahitaji abiria wangapi ili mruke? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, chukulia kwamba halipo, uangalie kaskazini.

Kaskazini kila mtu anataja Serengeti. Mimi ningemshauri anayetoka Nyanda za Juu Kusini aifikirie Tarangire kwanza. Tazama ramani. Kutoka Iringa unashuka Mtera hadi Dodoma, lami tupu, halafu Kondoa, Babati, na barabara hiyohiyo inapita jirani na lango la Tarangire kabla hata hujafika Makuyuni. Kwenda Serengeti itakubidi ukunje kushoto Makuyuni, upande Karatu, uvuke eneo la Ngorongoro ukilipia na huko, ndipo uteremke Seronera. Hiyo ni siku nzima zaidi, mafuta zaidi na viingilio vya mamlaka mbili. Tarangire wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, tembo husogea mtoni kwa makundi, na mibuyu ukiitazama kutoka juu jua likiwa bado chini ina vivuli virefu ambavyo huvioni ukiwa garini. Kama ndoto yako ni nyumbu, basi sawa, nenda Serengeti, ila ujue nyumbu hawakai mahali pamoja: Januari hadi Machi wako nyanda za kusini karibu na Ndutu wakizaa, na kuanzia Julai wengi wako kaskazini kuelekea mto Mara. Seronera, katikati, hurusha maputo karibu mwaka mzima. Anayetokea Mbeya aongeze kilomita zaidi ya 300 za kufika Iringa, na alale njiani. Kuunganisha Mbeya hadi Babati kwa siku moja kisha kuamka saa tisa usiku si utalii.

Sasa suala la malazi, ambalo ndilo linalowaangusha wengi. Malango ya hifadhi zetu hufunguliwa saa 12 asubuhi. Jua, kwa huku Iringa, huchomoza kati ya saa 12 na robo na saa moja kasorobo hivi kutegemea mwezi, na kaskazini tofauti ni ndogo. Puto linapaswa kuwa limeshajazwa wakati huo. Maana yake ni kwamba anayelala nje ya lango, awe Tungamalenga au Karatu, kwa kawaida hawezi kulifikia. Lala ndani, tena karibu na uwanja wa kurushia. Ruaha kuna nyumba za TANAPA pale Msembe ambazo bei yake ni ya kawaida ukilinganisha na kambi za kifahari. Seronera nako kuna malazi ya hifadhi na sehemu za kupiga hema. Gari la kampuni ya puto ndilo hukufuata gizani, kwa kuwa lenyewe lina ruhusa ya kutembea hifadhini saa ambazo gari lako halina. Ukishajua watakaporushia, iulize kampuni ni malazi gani wanakowafuata wageni, na kutoka lipi mwendo ni mfupi. Kuna tofauti kubwa kati ya kuchukuliwa saa kumi na kuchukuliwa saa kumi na moja na nusu. Na hizo saa nazo uwe nazo makini: barua zao huandika 05:00, nayo ni saa kumi na moja alfajiri. Mtu aliyesoma haraka akaweka kengele ya saa tano ataamka puto limeshakunjwa.

Bei haifichiki. Serengeti mtu mmoja hulipa dola 500 hadi 600 hivi, yaani zaidi ya milioni moja ya shilingi kwa safari ya saa moja hewani, bila kiingilio cha hifadhi wala malazi. Uliza kama kuna bei ya mkazi; kampuni kadhaa zinayo lakini haziitangazi usipouliza. Beba kitambulisho cha NIDA chenyewe, si picha yake kwenye simu, kwa sababu kiingilio cha raia ni sehemu ndogo tu ya kile cha mgeni na mlinzi langoni ana haki ya kutaka kukiona. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo, kwa hiyo yamalize mapema ukiwa mjini kwenye mtandao unaoeleweka.

Na niseme wazi: kwa familia ya watu watano, fedha hizo zingewalaza Ruaha siku nzuri kadhaa na gari la kukodi juu yake. Kama puto linakufanya ukope, liache. Panda jiwe la Gangilonga pale mjini Iringa kabla hakujapambazuka, utaliona jua lilelile likitoka, na baadaye unywe chai nyumbani.

Kama umeamua, basi ilinde fedha yako kwa maswali kabla ya kulipa. Rubani akiahirisha kwa sababu ya hali ya hewa, nitarudishiwa zote au nitahamishiwa kesho? Kesho ikiwa imejaa je? Nikilipia kupitia wakala wa safari, nani anarudisha, wakala au kampuni? Hilo la mwisho watu hulisahau, na ndilo lenye mzozo. Pata majibu kwa maandishi. Halafu uliza usalama bila kuona haya. Puto la kibiashara ni ndege kisheria: linasajiliwa, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ndiyo yenye kulisimamia. Hata kwa macho unaweza kuanza kulikagua, maana usajili wa Tanzania huanza na 5H, wa Kenya 5Y, na herufi hizo huandikwa kwenye kitambaa. Uliza kuhusu leseni ya rubani na bima ya abiria. Kampuni inayojiheshimu hujibu haraka. Inayokasirika imekujibu pia.

Watakuuliza na wewe. Uzito wako utautaja, na uutaje wa kweli, kwa kuwa kikapu kikubwa hugawanywa vyumba na rubani hupanga watu ili kisiegemee upande mmoja. Mjamzito hapandi. Aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni, mwenye mgongo mbovu au magoti mabovu, aseme mapema, kwa sababu kutua kunaweza kuwa na kishindo. Watoto, kampuni nyingi huanzia miaka saba, na kigezo chenyewe hasa ni urefu: mtoto asiyeweza kuona juu ya ukingo wa kikapu atatazama henzirani kwa saa nzima. Anayeogopa kimo asijikatie tamaa mapema. Puto haliyumbi, na wengi wanaotetemeka juu ya ngazi hukuta hofu haiji.

Hewa ya alfajiri ndiyo sababu ya usumbufu wote huu wa kuamka. Usiku ardhi hupoa na kuipoza hewa iliyoilalia, ikatulia. Jua likipanda, ardhi hupata moto isivyolingana, hewa huanza kupanda hapa na kushuka pale, na ikifika saa tatu asubuhi puto halina raha tena. Zaidi ya hapo, puto hupaa kwa sababu hewa ya ndani, yenye joto la nyuzi 100 hivi, ni nyepesi kuliko ya nje. Nje kukiwa na baridi, gesi kidogo inanyanyua uzito mwingi. Na kuhusu kuongoza, rubani anachoweza ni kupanda na kushuka tu. Ila upepo wa mita hamsini juu na ule wa mita mia tatu aghalabu hauelekei upande mmoja, kwa hiyo anatafuta tabaka linalokwenda anakotaka. Ukimwona anatema mate chini kwa makini au anaachia povu la kunyolea likielea kuelekea ardhini, anapima upepo wa chini yake. Usimsemeshe wakati huo.

Mavazi: sisi wa nyanda za juu tunajua baridi ya Juni na Julai, kwa hiyo hatari yetu ni kuzidisha. Kule juu hutasikia upepo hata kidogo, kwa kuwa unasafiri pamoja nao kwa mwendo uleule, na moto wa gesi unawaka juu ya kichwa chako. Baridi kali ni ile ya kabla: kwenye gari lililo wazi gizani, na kusimama kwenye nyasi zenye umande mkisubiri. Vaa koti linalovulika upesi. Kofia ni ya lazima, hasa kwa mrefu, na aliyesuka rasta za nailoni afunge kitambaa cha pamba. Viatu vya kufunika. Mama aliyezoea kitenge avae suruali ndani yake, kwa sababu kikapuni hakuna mlango. Unapanda kwa kuingiza vidole vya miguu kwenye matundu ya pembeni na kujirusha ndani. Chai usiku huo iwe kikombe kimoja, na ukipewa nafasi ya mwisho ya kwenda msalani, nenda hata kama huna haja.

Pale uwanjani utakuta kitambaa kimelazwa chini, kirefu kama uwanja mdogo wa mpira, na kikapu kimelala ubavu. Kwanza wanawasha feni na kuingiza hewa baridi. Kitambaa kinavimba taratibu huku vijana wawili wameushika mdomo wake wazi. Halafu rubani anafyatua moto, na mngurumo wake hugutusha hata aliyeonywa. Serengeti mara nyingi hawasubiri kikapu kisimame: unaingia kikiwa kimelala, unajilaza chali, magoti yameelekea juu, unashika kamba. Puto linapoinuka linakiinua kikapu na wewe ndani yake, na ghafla umesimama. Kikague kikapu chenyewe. Anayetoka Iringa, alikozoea kuona akina mama wakisuka milulu, atautambua ufundi: kimesukwa kwa henzirani, na si kwa urembo. Henzirani hunepa na kurudi, kwa hiyo kikapu kikigonga ardhi kinameza sehemu ya kishindo ambacho bati lingekipeleka moja kwa moja kwenye uti wa mgongo wako.

Simu ifungwe kwa kamba shingoni au mkononi. Usigombee upande wa jua, kwa sababu puto hujizungusha na kila chumba hupata zamu yake. Dakika za kwanza watu wote hupiga picha za moto. Subiri rubani anyamaze kidogo kufyatua, utasikia ndege na pengine viboko chini, na hapo ndipo pa kurekodi kama unataka kitu cha kusikiliza baadaye. Ndege zisizo na rubani usibebe; hifadhini haziruhusiwi bila kibali.

Maelezo ya kutua hutolewa mkiwa bado chini, watu wakiwa wanapiga gumzo. Sikiliza hayo kuliko kitu kingine chochote asubuhi hiyo. Kamera mfukoni, kaa au chuchumaa kama ulivyoonyeshwa, mgongo ukiegemea upande kikapu kinakoelekea, shika kamba kwa mikono miwili, na kichwa kisichungulie nje. Kikapu kinaweza kugusa, kikaruka, kikagusa tena na kuburutwa kikiwa ubavu. Hiyo bado ni salama. Kosa kubwa ni kutoka kabla rubani hajasema. Kila anayeshuka anapunguza uzito, na puto lenye joto linaweza kuinuka tena na waliobaki. Luxor, Misri, Februari 2013, moto ulizuka puto likiwa linatua, baadhi wakatoka, chombo kikapanda tena kikiwaka. Kati ya watu 21 waliokuwamo, 19 walikufa. Ajali za namna hiyo ni nadra. Lakini ndiyo sababu ya kuuliza mapema vizima moto viko wapi, na kutulia hadi uambiwe.

Baada ya hapo ni kifungua kinywa porini, meza ndefu, na kwa desturi inayosemekana imetoka Ufaransa tangu maputo ya 1783, glasi ya mvinyo wa kutoa povu. Mimi ningependa siku moja kuona kampuni ya Ruaha ikiweka ulanzi mezani, ingawa ulanzi ni wa mvua na maputo ni ya kiangazi, kwa hiyo sitarajii. Asiyekunywa aseme wakati wa kulipia, juisi huwepo. Bakshishi ya kikosi cha chini, wale walioamka kabla yako na kulifuata puto kwa gari, mpe kiongozi wao mkononi na iwe shilingi taslimu.

Mtarudishwa malazini saa tatu au saa nne. Siku hiyo usipange kuondoka hifadhini kabla ya mchana, na usikate tiketi ya basi ya siku hiyo wala ya alfajiri inayofuata. Puto likiwa limepaa siku ya kwanza, asubuhi ya akiba itumie garini mtoni na wanyama. Kwa waliokwenda Ruaha, njiani kurudi simameni Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Chifu Mkwawa wa Wahehe lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Fikeni mapema mchana, kabla ya wahudumu kufunga.